Kura ya Mwanachama na Ulinzi Wake

(Hotuba ya Katibu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, katika sikukuu ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Mwenyekiti ameniagiza niseme habari za uchaguzi, tena niseme kwa ufupi. Agizo la kwanza nimelipokea kwa furaha. La pili nitajitahidi. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za maghala tuliyoyajenga na madeni tuliyoyalipa katika miaka hii kumi. Hayo ni mambo ya kushukuru. Lakini kila moja katika hayo liliamuliwa na halmashauri, na halmashauri iliwekwa na kura. Katika mkutano mkuu ujao tutachagua halmashauri mpya. Nimeona afadhali niseme sasa, kabla mtu yeyote hajatangaza jina lake, asije mtu akadhani kwamba nasema kwa ajili yake au kwa kumpinga.

Sisi wakulima wa pamba hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta maana ya hila. Wazee wa Mwanza na wilaya za jirani wanaijua habari ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya wanunuzi, kwa kuwa pamba iliyokuwa nzito nyumbani ilikuwa ikifika kwa mnunuzi imekwisha kuwa nyepesi. Katika juhudi za namna hiyo vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama vikuu vya nchi ile viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Angalieni jambo moja. Wakulima wale hawakumwomba mnunuzi awe malaika. Walitaka mtu wao asimame penye mzani na kuuona mshale. Sanduku la kura nalo ni mzani, nasi tunapaswa kusimama penye sanduku kama wazee walivyosimama penye mizani.

Asili ya kura yetu, mwanachama mmoja kura moja, ni ya zamani kidogo. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka dogo katika njia iitwayo Toad Lane, na katika chama chao mwenye hisa nyingi hakuwa na kura nyingi kuliko mwenye hisa moja. Wanawake pia waliweza kuwa wanachama. Wakati huohuo wafanyakazi wengi wa Uingereza hawakuwa na kura kabisa katika uchaguzi wa Bunge. Na wale wachache waliokuwa nayo waliitaja kwa sauti mbele ya watu wote, huku mwenye shamba au mwenye kiwanda akisikiliza. Kura ya siri ilianza kutumika katika koloni la Victoria, Australia, mwaka 1856, wala Uingereza haikuifuata mpaka mwaka 1872. Uchaguzi wa kwanza wa Bunge kwa kura ya siri ulifanyika katika mji wa Pontefract, na husimuliwa kwamba sanduku lilitiwa lakiri kwa muhuri wa kiwanda cha peremende. Naitaja habari hii ili mtu asije akasema kwamba chama chetu ni maskini mno kuweza kufanya uchaguzi wa siri. Sanduku la mbao, kufuli moja na muhuri wowote ulio safi vyatosha.

Nasema hivyo kwa sababu katika vyama vyetu vingi vya msingi viongozi bado huchaguliwa kwa kunyosha mikono. Nimezungumza na wazee juu ya desturi hii, na hoja yao naiheshimu: mtu mkweli hana la kuficha, na kura ya wazi humfanya mtu asimame na neno lake. Ingekuwa hivyo kama sote tungekuwa sawa nje ya mkutano. Lakini yupo mkulima anayelima shamba la kukodi la jirani yake anayegombea. Yupo aliyepewa mbegu na dawa kwa mkopo, na jina lake limo katika daftari la mwenyekiti anayetaka kurudi kitini. Mkono wa mtu huyo ukinyoshwa, umenyoshwa na deni lake.

Majirani zetu wa Kenya waliyaona haya mwaka 1988, chama cha KANU kilipotumia mlolongo katika kuteua wagombea wake. Wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea au picha yake, machoni pa machifu na majirani, na aliyepata zaidi ya sehemu sabini katika mia hakushindanishwa tena. Watu walilalamika kwamba palikuwa na mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa umeshinda mrefu. Mstari ukitawanyika, nani ataurudisha ili uhesabiwe upya? Karatasi iliyomo sandukuni yaweza kuhesabiwa mara ya pili na ya tatu, lakini watu waliokwisha kwenda nyumbani hawahesabiki. Desturi ile iliachwa baada ya malalamiko mengi. Basi, pendekezo ninalolileta kwa idhini ya halmashauri ni kwamba kila cheo, kuanzia chama cha msingi mpaka Chama Kikuu, kichaguliwe kwa karatasi na sanduku. Mikono tuiachie mambo mepesi, kama vile kuamua saa ya kwenda kula.

Sasa niseme juu ya kampeni. Hapa kwetu tuna mfano ambao vijana wengi hawaujui. Katika uchaguzi wa Bunge wa mwaka 1965 wagombea wawili wa jimo moja, katika majimbo yaliyokuwa na ushindani, walisimama katika jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na TANU, na kila mmoja alipewa nafasi ya kusema na kuulizwa maswali. Walitakiwa kusema kwa Kiswahili, na walikatazwa kutafuta kura kwa kabila, kwa dini au kwa rangi. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Bila shaka wagombea hawakukosa kuzisifu alama zao. Mwenye jembe alijiona amekwisha kupata kura za wakulima, na mwenye nyumba aliuliza mkulima hulala wapi. Lakini matokeo yalionyesha kwamba watu walisikiliza zaidi ya alama. Mawaziri walianguka, na mmoja wao alikuwa Paul Bomani mwenyewe, Waziri wa Fedha, yule yule aliyeongoza wakulima wa pamba. Sisemi kwamba alistahili kuanguka. Sina haki ya kuhukumu hilo. Nasema kwamba mtu mkubwa namna ile aliweza kushindwa kwa kura, na nchi ikaendelea na kazi zake.

Hata hivyo mfano ule una upungufu wake, nao nausema bila woga. Majina yaliyofika kwa wananchi yalikuwa yamekwisha kuchujwa na chama, hata yakabaki mawili. Mpiga kura alikuwa huru kuchagua, lakini ndani ya ua lililojengwa na wengine. Kwetu sisi isiwe hivyo. Kila mwanachama mwenye sifa zilizoandikwa katika Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na katika masharti yetu aweze kuleta jina lake, wala halmashauri iliyopo isiwe na mkono katika kulikata. Jukwaa moja, muda ulio sawa na maswali ya wazi tuvichukue. Mchujo wa chumbani tuuache.

Jambo la zawadi ni zito zaidi, na wengi hapa wanajua ninalolisema. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya nchi yetu iliongezewa maneno yaliyomruhusu mgombea kutoa takrima, yaani ukarimu wa kawaida wa kimila. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Ukarimu ni mila yetu njema, lakini mila ile humkaribisha mgeni asiyeweza kukulipa kitu. Soda na wali wa mgombea, usiku wa kuamkia kura, vinangoja malipo asubuhi.

Lakini tusiwalaumu wagombea peke yao. Nimepata kumwuliza mjumbe mmoja wa chama cha msingi, ambacho sitakitaja, kwa nini alikubali kusafirishwa kuja mkutanoni katika gari la mgombea. Akanijibu, "Katibu, chama hakikunipa nauli. Ulitaka nije kwa miguu?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mjumbe asiyelipiwa nauli na chama chake atalipiwa na mtu mwingine, na mtu huyo atataka kitu. Kwa hiyo makisio yatakayoletwa mbele yenu yana kifungu cha nauli, chakula na malazi ya wajumbe wote wa mkutano wa uchaguzi, navyo vitatolewa na Chama Kikuu kwa kiasi kimoja kwa kila mjumbe. Najua wako watakaosema ni gharama kubwa. Naomba walinganishe gharama hiyo na ya halmashauri iliyonunuliwa, ambayo italazimika kurudisha fedha zake kutoka katika pamba yenu kwa miaka yote itakayokaa madarakani.

Mpiga kura naye anahitaji kujua. Mwaka 1958, Tanganyika ilipokaribia uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, kila mpiga kura alitakiwa kutoa kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu, na karatasi isiyokuwa na kura zote tatu iliharibika. TANU ilipokata shauri kule Tabora kuingia katika uchaguzi ule, kazi kubwa iliyofuata ilikuwa kuwafundisha watu namna ya kuipiga kura yenyewe. Kanuni ngumu isiyoelezwa ni mlango uliofungwa, hata kama hakuna anayeshika ufunguo.

Sisi kanuni zetu ni nyepesi, ila mwanachama hana habari. Huulizwa amrudishe mweka hazina, hali hajapata kuona hesabu za mwaka. Muungano wa vyama vya ushirika ulimwenguni, ulipoandika upya misingi ya ushirika huko Manchester mwaka 1995, uliweka elimu na habari kuwa msingi wa tano, nao haukuweka kwa kupamba karatasi. Napendekeza muhtasari wa hesabu, pamoja na maneno ya mkaguzi, ubandikwe kwenye mlango wa kila ghala kabla ya siku ya kura, kwa Kiswahili ambacho mkulima atakielewa, na usomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma. Kadhalika kila mgombea aandike deni analodaiwa na chama, biashara yoyote anayofanya na chama, na ndugu zake walioajiriwa humu. Mtu hakatazwi kugombea kwa sababu ana deni. Anayelificha ndiye tunayemwogopa.

Na mjumbe anayetumwa kwenye Chama Kikuu akapige kura kwa niaba ya wakulima mia mbili au mia tatu, akirudi awaeleze mambo yaliyosemwa na yaliyoamuliwa. Kuna wajumbe ambao hurudi na kalenda ya chama na kofia, wala hawasemi neno lingine mpaka mkutano wa mwaka unaofuata.

Juu ya kuhesabu sitasema mengi. Kura zihesabiwe palepale zilipopigwa, mchana, mbele ya mtu mmoja wa kila mgombea. Jumla iandikwe ubaoni. Karatasi zifungwe na kutiwa muhuri mpaka muda wa rufaa upite. Mimi katibu nisishike sanduku. Mimi ni mwajiriwa wa halmashauri, na halmashauri ndiyo itakayoamua kama nitaendelea na kazi. Mtu wa namna hiyo hafai kuwa mpimaji. Asimamie ofisa wa ushirika kutoka kwa Mrajisi, pamoja na wanachama watatu wasiogombea, waliochaguliwa na mkutano wenyewe.

Limebaki daftari. Tulipopitia madaftari ya vyama vya msingi mwaka huu tulikuta majina ya marehemu, Mungu awarehemu, na mengine ya watu waliohama zamani. Majina kama hayo hupiga kura bila miguu. Lakini tulikuta na upungufu mwingine unaonihuzunisha zaidi. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayepanda, anayepalilia na anayechuma, na jina lililomo daftarini ni la baba peke yake. Pamba ni ya wawili, kura ni ya mmoja. Baba akifariki, mjane huja ofisini kuulizia fedha za msimu akiwa kama mgeni. Masharti yetu hayamkatazi mke kuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe. Ni sisi tuliozoea tu.

Daftari jipya la kila chama litabandikwe ghalani siku 21 kabla ya uchaguzi, na makarani wamekwisha kuagizwa kupokea masahihisho kila siku ya kazi, asubuhi mpaka saa nane. Mwenye habari ya jina la marehemu alete. Naye anayetaka jina la mkewe liingie asije peke yake na kumsemea; wafuatane, maana fomu hutiwa sahihi au dole gumba na mwenye jina.