Mwili wa mama baada ya kuzaa: mazoezi madogo ya kila siku nyumbani

Mkae vizuri. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe tu, tutasikilizana.

Juma lililopita niliposema kwamba leo tutafundishana mazoezi ya mwili, wengine mlicheka. Mmoja akaniambia: «Mama Mwalimu, siye tuko nalima toka asubui, tuko nateka maji, tuko natwanga. Mazoezi gani tena? Ile ni mambo ya watu wa biro.» Neno lake lina haki. Bidoni ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na ninyi mnapanda nayo mlima. Hakuna mtu wa kuwaita wavivu.

Lakini nina swali. Mama huyu mwenye nguvu ya kubeba kilo 20, mbona akikohoa anabana miguu? Mbona akicheka mkojo unamponyoka? Mbona siku hizi anakaa karibu na mlango, apate kutoka upesi?

Naona wengine wameinamisha kichwa. Msione haya. Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilipozaa mtoto wangu wa tatu, juma la pili halijaisha nilikuwa nimerudi kuteka maji. Kisha mkojo ukaanza kutoka kila nilipoinua kitu. Nilikuwa ninafundisha wanafunzi wauguzi darasani, na ndani ya mfuko nina kikwembe cha pili cha kubadili. Miaka miwili sikumwambia mtu, hata bwana yangu. Nilidhani ndiyo malipo ya kuzaa. Mkunga mmoja mzee ndiye aliyeniuliza: «Mwanangu, juu ya nini unatoka inje kila saa?» Nililia. Akanifundisha yale nitakayowafundisha leo. Baada ya miezi mitatu hivi nilianza kukaa pamoja na wengine bila hofu.

Sababu yake ni nini?

Chini kabisa ya tumbo kuna misuli, yaani nyama zenye nguvu, zilizotandikwa kama kamba za kitanda. Zinashika kibofu cha mkojo, tumbo la uzazi na njia ya choo. Mimba inazilemea miezi tisa, na mtoto akipita zinavutika sana. Kamba za kitanda zikilegea, kitanda kinabonyea. Jembe linatia nguvu mikono, lakini halikazi kamba hizi. Na mzigo mzito, ukiubeba mapema baada ya kuzaa, unazisukuma chini zaidi. Hata kitambaa cha kufunga tumbo hakiwezi kufanya kazi pahali pa misuli. Kama unakifunga, kisikaze sana.

Mazoezi yenyewe

1. *Kupumua na kuchezesha miguu.* Unaweza kuanza siku ya kwanza, kitandani. Lala chali, kunja magoti, weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi, tumbo lipande. Toa pumzi pole pole na kuvuta kitovu ndani. Fanya mara 5. Kisha nyosha miguu, pandisha na kushusha nyayo mara 10, damu itembee vizuri.

2. *Kukaza misuli ya chini.* Hili ndilo zoezi kubwa. Kaza kama mtu anayezuia mkojo na upepo wa tumbo kwa wakati mmoja. Hesabu hadi 5, kisha legeza, hesabu tena hadi 5. Fanya mara 10: asubuhi, mchana na usiku. Usizuie pumzi, usibane mapaja wala matako. Mtu akikutazama usoni asijue kama unafanya kitu. Unaweza kulifanya ukinyonyesha, ukichambua sombe, hata sasa hapa kwenye benchi. Haya, tukaze wote: moja, mbili, tatu, ine, tano. Legezeni! Lakini usifanye desturi ya kukata mkojo katikati unapojisaidia. Na kama ungali na mpira wa mkojo, ngoja kwanza utolewe.

3. *Kubonyeza kiuno.* Lala chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa. Bonyeza kiuno mpaka kiguse mkeka, hesabu hadi 5, legeza. Mara 10. Zoezi hili linasaidia mgongo unaouma.

4. *Kukaa na kusimama.* Anza baada ya majuma 6, kama hakuna maumivu. Kaa juu ya kiti, simama bila kujishika, kaa tena pole pole. Mara 10. Utapata nguvu ya mapaja, na mapaja ndiyo yanayopaswa kuinua bidoni. Ukitaka kuinua kitu, karibia, kunja magoti, kaza misuli ya chini, toa pumzi, ndipo uinuke. Usiiname na miguu imenyoka.

Tena tembea. Anza kuzunguka nyumba, kisha ongeza kila juma. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilisema mwaka 2020 kwamba mama mwenye mimba na aliyezaa, kama hana kizuizi, afikishe angalau dakika 150 za mwendo wa kadiri kila juma. Mwendo wa kadiri ni ule ambao unaweza kusema lakini huwezi kuimba. Njia ya kwenda shambani inahesabiwa pia. Na hii misuli ya chini ikazwe kila siku.

Angalieni sana

Aliyepasuliwa aulize muganga kabla ya kuanza mazoezi ya tumbo, na asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa majuma 6. Damu ikiongezeka, ukipata homa, kizunguzungu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, acha mazoezi, njoo hospitali siku ile ile.

Na neno hili mlishike. Kama mkojo unatoka mchana na usiku bila kukoma, zaidi kwa mama aliyeumwa uchungu muda mrefu, ule si ulegevu. Ni tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, inaitwa fistula. Mazoezi hayazibi tundu. Si laana, na si kosa la mama. Waganga wanalitengeneza: Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, inajulikana kwa kazi hiyo, na HEAL Africa huko Goma vilevile. Ukijua mama aliyefichwa nyumba ya nyuma kwa sababu ya harufu, umlete. Akija mapema ni vizuri zaidi.

Mwisho, mkifika nyumbani, mwambieni bwana na mama mkwe: majuma 6 ya kwanza, bidoni ya lita 20 ibebwe na mtu mwingine. Mimi sikusema, na nililipa miaka miwili. Ninyi semeni.

Haba na haba hujaza kibaba. Usipoona badiliko juma la kwanza, usiache. Endelea miezi mitatu. Na kama bado mkojo unakuponyoka, njoo uniulize hata pembeni. Nitakuelewa.

Haya, kabla hatujapima watoto, tukaze mara moja tena. Moja, mbili...