Wengi Wape, Lakini Si Dhamiri

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wahitimu wa zamani na wanafunzi, Kibuta, Kisarawe)



Niliombwa nizungumze na wanafunzi wa UKWATA juu ya kusimama imara katika imani ya Kikristo. Nilipofika nimekuta mkutano umekuwa wa shule nzima, na ndugu zetu Waislamu nao wapo. Nimefurahi. Nitasema kwa Biblia kwa sababu ndiyo niijuayo, lakini jaribu ninalotaka kulieleza halichagui dini.

Wazee walisema, wengi wape. Ni methali ya busara. Bila hiyo hatuwezi kuendesha mkutano wa kijiji, kikao cha wazazi wala uchaguzi wa viranja. Wengi wakitaka kisima kichimbwe kule na wewe ulikitaka huku, wape, kisha chukua jembe ukachimbe nao. Lakini je, tuwape kila kitu?

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kwa sababu hiyo mtu mmoja katika Biblia hunisumbua kuliko wengine. Huyo ni Pontio Pilato. Tumezoea kumwona kuwa mtu mbaya tu, lakini someni Luka sura ya 23 kwa makini. Shauri alilichunguza barabara. Mara tatu alitamka kwamba haoni kosa la kumwua mtu yule. Mamlaka alikuwa nayo, na ukweli aliujua. Kilichomshinda ni kelele za watu. Kisha, kama Mathayo anavyoeleza, akanawa mikono mbele yao, kana kwamba maji yanaweza kufuta saini.

Nami nimewahi kunawa mikono. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, ililetwa karatasi ya mahudhurio ya semina ya siku tatu. Semina yenyewe ilikuwa imefanyika siku moja. Wenzangu wote walikwisha kutia saini siku zote tatu ili posho ikamilike. Hakuna aliyenitisha. Aliyeileta alisema tu, "Kaka, umebaki wewe peke yako." Nikatia saini. Jumapili yake nilikuwa kanisani nikiimba kwaya kama kawaida. Ndugu zangu, sikuwa na njaa siku ile, wala sikuwa na mgonjwa nyumbani. Niliiba kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu.

Nayasema haya nikiwa katika wilaya ambayo Wakristo wake wa kwanza walikuwa wachache sana. Wamisioni wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, na Maneromango mwaka 1895. Wamisioni hao walipoondolewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walimu Waafrika, akiwamo Martin Ganisya, ndio walioendelea kulishika kanisa la Uzaramo. Msaada wa nje ulikuwa umekatika, na majirani wengi hawakuwa wa dini yao. Hata hivyo kazi haikufa.

Lakini kuwa wachache katikati ya watu wa dini nyingine si jaribu kubwa kuliko yote. Jaribu kubwa zaidi ni kusimama peke yako mbele ya watu wa ukoo wako mwenyewe, hasa wanapokuwa na madai ya haki. Kwa mfano wa jambo hilo nitavuka mpaka na kwenda kwa jirani zetu wa Kenya.

Mwezi Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari. Wakikuyu walikuwa wamenyang'anywa ardhi, na Mau Mau walidai ardhi na uhuru. Mateso waliyoyapata yalikuwa makubwa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza yenyewe ilieleza majuto yake, ikakubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya 5,000. Waliojiunga na harakati zile walikula kiapo. Lakini miongoni mwa Wakikuyu walikuwamo Walokole, yaani Wakristo wa ule uamsho uliozuka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kufika hata Bukoba kwetu. Wengi wao walikataa kiapo. Walieleza kwamba wamekwisha kushiriki damu ya Kristo, na hawawezi kuichanganya na damu ya mbuzi. Baadhi yao waliuawa. Serikali ilipotaka kuwapa silaha, wapo waliozikataa pia, kwa kuwa hawakutaka kumwaga damu ya jirani zao. Hivyo wakashukiwa na pande zote mbili.

Mtu anaweza kuuliza: je, hawakuwaacha wenzao waliopigania uhuru? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni hili. Aliyekataa kiapo ili apate cheo kwa mkoloni alihama kundi tu. Aliyekataa kiapo na bunduki vyote viwili hakupata faida yoyote, na hakumdhuru mtu. Huyo siwezi kumwita msaliti.

Jaribu lile lilirudi baada ya uhuru. Tom Mboya alipouawa Julai 1969, Wakikuyu wengi walipelekwa Gatundu kula kiapo kwamba uongozi wa nchi usitoke katika nyumba ya Mumbi. Samuel Gathinji wa Kanisa la Presbiteri alikataa, akapigwa, na akafa kutokana na kipigo hicho. Viongozi wa makanisa walipinga hadharani, John Gatu akiwa mmoja wao. Gatu mwenyewe aliwahi kula kiapo cha Mau Mau katika ujana wake. Kabla mwaka haujaisha viapo vile vilikoma.

Habari za Gatu zilinitia moyo, maana zinaonyesha kwamba mtu aliyewahi kuwafuata wengi anaweza siku nyingine kusimama. Karatasi ya namna ile ililetwa tena ofisini miaka michache baadaye. Nikasema, "Nitaandika siku niliyokuwapo." Mkono ulitetemeka. Niliitwa mlokole, na kwa miezi mingi mazungumzo yalikatika kila nilipoingia. Safari za kikazi zilinipita. Siwadanganyi kwamba nilipandishwa cheo kwa ajili ya uaminifu, la hasha. Lakini alasiri ileile mtunza stoo wetu, mzee Mwislamu, aliomba karatasi irudishwe, akafuta siku mbili mbele ya jina lake. Aliniambia, "Mwanangu, nilikuwa nangoja mtu aanze." Hapo nilijifunza kwamba ndani ya kundi la wengi wamo watu wengi walio peke yao.

Wadogo zangu, ninyi hamjaletewa karatasi ya posho. Mtaletewa karatasi ya majibu bwenini usiku wa kuamkia mtihani. Mtatakiwa kumcheka mwenzenu maskini kwa kuwa bweni zima linamcheka. Kabla ya kukataa, jiulizeni maswali mawili, kwa maana si kila mbishi ni mwaminifu. Kwanza, msimamo wangu unanigharimu mimi, au nawatwisha wengine gharama yake? Pili, nikishakataa, bado niko tayari kuwahudumia hao niliowakatalia? Asiyeweza kujibu vizuri maswali hayo pengine anapenda tu kuonekana.

Basi, wengi wapeni kisima, wapeni uenyekiti, wapeni hata nafasi yenu katika basi. Dhamiri msiwape, kwa kuwa si mali yenu ya kugawa. Ni amana ya Mungu, na mwenyewe ataiulizia.