Tutengeneze Jiliwa la Mti

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Shinyanga na Geita

Mwalimu wa darasa aandike neno hili ubaoni, nasi tulisome pamoja: JI-LI-WA. Jiliwa.

Jiliwa ni chombo chenye taya mbili. Kazi yake ni kubana kitu ili kisitikisike wakati unapokichonga. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole viwili humvunja, kwa sababu kimoja husukuma huku na cha pili husukuma kule. Jiliwa hufanya vivyo hivyo. Taya moja husimama mahali pamoja, na ya pili huisogelea.

Je, tunalihitaji kwa nini? Tazama kazi zetu. Shinyanga tunachonga mipini ya majembe na ya mashoka, michi ya kutwangia, na vigoda. Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, mipini ya sururu na ya nyundo inatakiwa kila siku. Wengi wetu huushika mpini kwa mkono wa kushoto, au huukanyaga kwa mguu, na panga au tezo huwa katika mkono wa kulia. Mti ukiteleza, makali hayachagui. Mkono uliokatwa mishipa haulimi, haukamui ng'ombe, wala haushiki kalamu.

Tena, mti unaotikisika hauchongeki sawasawa. Mpini uliopinda haukai vizuri ndani ya tundu la nyundo. Siku moja kichwa cha nyundo huchomoka, na kama ni ndani ya duara, aliye chini yako ndiye kinayempata.

Basi shika kanuni hii moja: mti ushikwe na jiliwa, na mikono yako yote miwili iwe nyuma ya makali.

Majiliwa ya chuma huuzwa madukani, nayo ni mazuri, lakini bei yake humlemea mtu anayeanza. Leo tutatengeneza la mti.

VIFAA

1. Nguzo ya mti mgumu, urefu sentimita 160, unene sentimita 12 kwa 12. Hii ndiyo taya inayosimama.
2. Ubao mgumu, urefu sentimita 95, upana 12, unene 5. Hii ndiyo taya inayotembea.
3. Kipande cha ubao, urefu sentimita 35, upana 5, unene 2. Tutakiita ulimi.
4. Fimbo ya chuma yenye hesi, unene milimita 16, urefu sentimita 40, pamoja na nati mbili na washa mbili. Hesi ni ile mikato inayoizunguka fimbo, ambayo nati hupita juu yake.
5. Vipande viwili vya nondo, kila kimoja sentimita 14.
6. Msumari mmoja mkubwa, na vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe.

Miti iwe mikavu. Mti mbichi hupinda ukikauka. Mninga unafaa, na mjohoro pia unafaa. Lakini usiingie msituni na shoka bila ruhusa. Mnakumbuka jinsi Shinyanga ilivyokuwa imekatwa miti, hata mradi wa HASHI ukaanzishwa mwaka 1986 ili kuirudisha ardhi na ngitili zetu. Ngitili iliyohifadhiwa na kijiji ina utaratibu wake, ufuate. Au nenda kwa mafundi wa samani ukaombe mabaki ya mbao.

KAZI YENYEWE

Kwanza, pima kutoka juu ya nguzo sentimita 25, utie alama. Fanya hivyo na kwenye ubao. Toboa hapo kwa keekee tundu la milimita 18, litokee upande wa pili. Tundu la ubao liongeze kidogo kwenda juu na chini, ili ubao uweze kuinama bila kuikwaza fimbo.

Pili, pima kutoka juu sentimita 85 katika vyote viwili. Hapo chimba kwa patasi tundu la mraba. Katika ubao, ulimi uingie kwa kubana, uukaze kwa gundi na kabari. Katika nguzo, ulimi upite kwa urahisi. Kisha toboa ulimi matundu madogo, moja kila baada ya sentimita 2, yanayotosha msumari wako.

Tatu, simika nguzo kivulini. Paka sehemu ya chini oili chakavu kwa ajili ya mchwa. Chimba shimo la sentimita 60, simamisha nguzo kwa timazi, kisha shindilia udongo na mawe. Sentimita 100 zitabaki juu.

Nne, nenda kwa fundi wa kuchomelea. Nati moja aichomelee kwenye ncha ya fimbo, isizunguke. Nati ya pili aichomelee nondo mbili, moja kushoto na moja kulia. Huo ndio mkono wa jiliwa. Upana wake ni kama sentimita 30.

Tano, pitisha fimbo kutoka nyuma ya nguzo. Chimba kidogo ili nati ya nyuma ikae ndani ya mti. Vaa ubao, tia washa, kisha zungusha nati yenye mkono. Ncha ya fimbo inayotokeza mbele ivishe kipande cha bomba la mpira, isimchome mtu. Mwisho, gandisha ngozi juu ya taya zote mbili, ndani, ili zisiumize mti.

SASA TUFANYE HESABU

Zidisha 30 kwa 3.14. Jibu ni sentimita 94 na kidogo. Huo ndio mwendo wa mkono wako katika mzunguko mmoja. Lakini katika fimbo ya kawaida ya milimita 16, nati husogea milimita 2 tu. Mwendo mrefu wa mkono umegeuka kuwa mwendo mfupi wenye nguvu nyingi. Msuguano hula sehemu kubwa ya nguvu hiyo, hata hivyo inayobaki yatosha kabisa kubana mpini.

NAMNA YA KUTUMIA

Ulimi ndio unaoliwezesha jiliwa kubana vitu vyembamba na vinene. Ukibana mti wa sentimita 6, chomeka msumari mbele ya nguzo, katika tundu linaloacha nafasi ya sentimita 6 au zaidi kidogo huko chini. Nafasi ikiwa ndogo kuliko mti, taya zitaachana juu na mti utateleza.

Kwa mti wa mviringo, kata katika kila taya mfuo wenye umbo la herufi V. Mpini utakaa humo bila kuzunguka.

Mwenye keezo naye atafaidika. Kabla ya kukereza mguu wa kigoda, bana mti wa pembe nne katika jiliwa, ukate pembe zake mpaka upate pande nane. Kazi ya keezo itakuwa nyepesi. Kumbuka tu kwamba jiliwa hushika mti uliotulia. Mti unaozunguka ni kazi ya keezo.

MASWALI YA DARASA

1. Jiliwa lina taya ngapi, na ipi hutembea?
2. Ulimi una kazi gani?
3. Andika kanuni ya somo hili kwa mwandiko wako.

Yafaa darasa zima litengeneze jiliwa moja karibu na mahali pa kusomea. Mmoja asome vipimo kwa sauti, na wengine wapime na kukata. Hivyo kusoma kutakuwa kazi, na kazi itakuwa kusoma. Kwaherini, na Mungu awalinde mikono yenu.