Jarida la Muziki: Tuulize Kabla ya Kuchapa

(Maneno tuliyosema mbele ya vikundi vitatu vya kujisaidia)



Tumesikia mnataka kutoa jarida dogo la muziki, na kwamba pesa za kuanzia zitatolewa kwa zile mlizoweka za tangi la maji. Basi kwanza tuwaambie aibu yetu. Sisi wenyewe tuliwahi kutoa jarida kama hilo. Tulikaa watu watano chini ya mwembe, tukapanga kila kitu: historia ya kwaya, picha ya mwalimu, salamu za mwenyekiti. Tukachapa nakala 300. Hazikuuzwa hata 50. Zilizobaki akina mama walifungia mandazi, na tukanyamaza, kwa maana mandazi yalikuwa yakinunuliwa.

Kosa lilikuwa wapi? Tuliulizana sisi kwa sisi, tukadhani tumeuliza watu.

Uingereza, mwaka 1952, gazeti la muziki liitwalo New Musical Express lilitaka kujua ni nyimbo zipi zinazopendwa. Percy Dickins wa gazeti hilo hakuzunguka akiuliza watu, "Wewe unapenda nini?" Alipigia simu maduka ya santuri kama 20 hivi, akauliza ni zipi zimeuzwa zaidi wiki hiyo. Novemba mwaka huo orodha ikachapwa, na wasomaji wakaipenda sana.

Sasa hapa kwetu hakuna duka la santuri. Lakini kuna yule kijana wa sokoni anayewawekea watu nyimbo kwenye simu. Huyo anajua! Ukimwuliza mzee mlangoni mwa kanisa, atakuambia anasikiliza nyimbo za dini tu. Kijana wa sokoni anajua huyo mzee alilipia benga ngapi. Kaeni naye siku ya soko, mpige alama kwenye daftari kila wimbo unaponunuliwa. Jina la mnunuzi msiandike, tafadhali, tusije tukavunja nyumba za watu.

Tena angalieni watu wanafanya nini. Mwaka 1978, huko huko Uingereza, Nick Logan alianzisha jarida la Smash Hits. Ndani yake aliweka maneno ya nyimbo, ili vijana waimbe pamoja na redio. Na nyinyi, si mnawaona wasichana wa kwaya wakinakili maneno na solfa kwenye daftari mpaka taa inazimika? Hao wanahitaji kitu, na hawajaulizwa. (Wimbo ni mali ya aliyeutunga. Mwombeni ruhusa kabla ya kuuchapa.)

Mkienda kuuliza, msiseme, "Tukitoa jarida utanunua?" Kila mtu atasema ndiyo, kwa adabu tu. Ulizeni hivi: Mara ya mwisho ulinunua nini cha kusoma? Shilingi ngapi? Baada yako alikisoma nani? Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu nakala moja kijijini hupita mikono mingi, na anayeazima hamsaidii mweka hazina. Nendeni kwenye kinu cha kusaga na kwa watu wa bodaboda, si Jumapili kanisani peke yake. Wasichana waulizwe na msichana. Mwenyekiti asiende kabisa, atuwie radhi, maana mbele yake hakuna atakayesema jarida ni baya.

Halafu tengenezeni nakala 10 tu za fotokopi, kurasa nne. Ziuzeni kwa bei kamili. Kitu cha bure husifiwa na kila mtu.

Tutarudi mwezi ujao tusome madaftari pamoja. Zile 10 zikibaki mezani, pesa zirudi kwenye tangi, na hapo asilaumiwe mtu.