Kuvisha Tairi Linalobana

*Hotuba ya ofisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa waendesha baiskeli na mafundi wa Busia, Uganda*



Busia ina haki ya kujivunia baiskeli. Jina la bodaboda, linalotamkwa leo takriban Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa mpakani katika miaka ya 1960, vijana walipobeba abiria na mizigo kutoka boda hadi boda. Pikipiki zimelirithi jina hilo, lakini baiskeli hazijatutoka. Zingali zinabeba watu na magunia, na ndugu zetu wenye ulemavu wanavusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu.

Leo sikuja kuzungumzia foleni wala karatasi za forodha. Nimekuja kuzungumzia tairi jipya linalokataa kuingia kwenye ringi. Mmoja hulishindilia kwa bisibisi, mwingine kwa kipande cha nondo. Tairi huingia, lakini ncha ya chuma imekwisha kuibana tyubu na kuikwaruza. Bandu bandu huisha gogo. Jeraha hilo dogo hungoja siku ya mzigo mzito, nalo hupasukia barabarani, abiria akiwa nyuma yako na lori la mizigo likiwa nyuma ya abiria. Gurudumu la mbele likiisha upepo ghafla, usukani hautii tena mkono.

Tairi linalobana lina sababu mbili, na wala hakuna hata moja inayotibiwa kwa chuma.

Sababu ya kwanza ni kipimo. Baiskeli nyingi za mizigo hutumia tairi la 28 kwa 1½, lenye namba 40-635 ubavuni. Lipo pia tairi jingine liitwalo 28, lenye namba 37-622. Namba ya mwisho ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Tofauti ni milimita 13, basi tairi la 622 haliwezi kuingia kwenye ringi ya 635, hata mkilivuta watu watatu. La 635 nalo likivishwa ringi ya 622 hulegea, na likijazwa upepo huweza kuchomoka. Vivyo hivyo kwa 26: lipo la 590 na lipo la 559. Kwa hiyo, soma namba dukani kabla ya kulipa, ulinganishe na tairi lako kuukuu. Ukishavuka mpaka na tairi lisilofaa, kulirudisha ni safari na ugomvi.

Sababu ya pili ni namna ya kulivisha. Ndani ya ukingo wa tairi mna waya, na waya haunyumbuki. Lakini tazama ringi: katikati ina mfereji unaozama chini kuliko kingo zake. Humo ndimo unamopatikana ulegevu unaoutafuta.

Kwanza papasa ndani ya tairi kwa uangalifu, usiache mwiba. Hakikisha utepe umefunika vichwa vya spoku. Visha ukingo mmoja. Itie tyubu upepo kidogo, ipate umbo tu, kisha uiweke ndani, valvu ikipita kwenye tundu lake. Ukingo wa pili uanzie upande unaokabiliana na valvu, nawe umalizie penye valvu. Kitako cha valvu huuzuia ukingo usizame mfereji. Ukianzia hapo, umejinyima ulegevu.

Ikibaki shibiri moja, usikimbilie bisibisi. Rudi ulikoanzia, uubonyeze ukingo wa tairi uingie katikati ya mfereji, pande zote mbili, ukisogeza mikono kuelekea valvu. Paka maji ya sabuni mahali palipokaza. Kisha kwa viganja vya mikono liviringishe tairi kuvuka ukingo wa ringi, kidogo kidogo.

Likishaingia, isukume valvu juu kidogo kisha uivute. Zunguka gurudumu lote, ukichungulia kama tyubu imebanwa popote. Jaza upepo kidogo, zungusha, utazame mstari uliochorwa ubavuni: uwe na umbali ule ule kutoka kwenye ringi pande zote. Ndipo ujaze kwa kiwango kilichoandikwa kwenye tairi.

Mafundi, mkiletewa tairi la kipimo kisicho chake, mwonyesheni mwenye baiskeli namba hizo kabla ya kuligusa. Neno hilo moja litamlinda abiria, na litawaepusha ninyi na lawama ya tyubu iliyopasuka. Nanyi waendeshaji, msimharakishe fundi. Dakika mnazompa ni za uhai wa mtu anayewaamini mgongoni mwenu.

Mungu awalinde barabarani, huku na ng'ambo.