Hifadhi ya Maji katika Umbo la Mdudu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa vikubwa na vidogo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu,

Katika Qur'ani Tukufu zimo sura zenye majina ya nyuki na ya sisimizi. Basi tusidharau kumzingatia mdudu.

Tumtazame nzige wa jangwani. Kiwiliwili kidogo hukauka upesi, kama maji yaliyomwagika sakafuni yanavyokauka kabla ya yale yaliyomo mtungini. Juu yake ni jua kali, chini yake ni mchanga wa moto, wala hakauki. Mola wake amemvika gamba, na juu ya gamba akaweka utando mwembamba wa nta unaozuia maji yasitoke. Tena nzige hapumui kwa pua. Ubavuni mwake mna jozi 10 za vitundu vya pumzi. Hufunguka hewa inapohitajika, na haja ikiisha hufungwa, ili unyevu usipotee bure.

Mwaka 1945 mtaalamu wa Kiingereza, V. B. Wigglesworth, alieleza kuwa utando huo ukikwaruzwa na vumbi kali, mdudu hupoteza maji yake na kukauka. Wazee wetu nao huchanganya majivu na nafaka ghalani, na fukusi hufa. Zingatieni: uhai wote umesimama juu ya kitu chembamba hivyo!

Ndugu zetu, mdudu asiye na akili hapotezi maji pasipo haja. Je, sisi tuliopewa akili? Twatawadha hali bomba li wazi, tangu kuosha viganja hata miguu, huku tukizungumza. Na jirani yetu angojea ndoo moja tangu alfajiri. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi. Israfu haigeuki kuwa ibada kwa kufanyika mlangoni mwa msikiti.

Basi tufunge bomba baina ya kiungo na kiungo, na tuwafundishe watoto wetu hivyo. Maji tuliyoyabakisha ni haki ya mwenye kiu.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kushukuru neema zako, wala usitujaalie kuwa miongoni mwa wabadhirifu. Amin.