KOMPYUTA YA NYUMBANI: IPIMWE KABLA YA KULIPIWA

(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi)



Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walipokuwa wakijenga umoja wao, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, mojawapo ya mambo waliyoyatanguliza ni mizani. Waliweka wapimaji wao wenyewe, ili uzito wa pamba ujulikane kabla haijafika kwenye mizani ya mfanyabiashara. Mkulima aliyejua uzito wa mzigo wake hakupunjika kwa urahisi.

Siku hizi mkulima huyo huyo huingia dukani akiwa mnunuzi. Baada ya malipo ya mazao, familia nyingi hutaka kompyuta mpakato kwa masomo ya watoto, hesabu za nyumbani, barua na kuzungumza na ndugu walio mbali. Fedha inayotolewa ni jasho la msimu mzima. Hata hivyo, wengi huchagua kwa kutazama rangi ya mashine, jina la kampuni na maneno ya muuzaji. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hapana budi familia ianze kwa kujiuliza kazi yenyewe ni ipi. Kazi zilizotajwa hazihitaji mashine ya bei kubwa, wala hazihitaji nguvu zinazotakiwa na wahariri wa filamu au wacheza michezo. Zinahitaji mashine ya kawaida iliyopita katika vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza ni umri wa prosesa, ambayo ndiyo injini ya kompyuta. Kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Mashine zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zilichokosa ni marekebisho yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyatumia, na hilo si dogo kwa mtu anayefungua akaunti yake ya benki akiwa nyumbani. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, kwa jumla haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kizazi husomwa katika namba inayofuata kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, na i5-10210U ni cha 10. Kwa hiyo neno "i5" peke yake halimwambii mnunuzi kitu. Muuzaji aulizwe namba nzima.

Kipimo cha pili ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM. Hii ni mfano wa meza ya karani, na diski ni kabati lake. Meza ikiwa ndogo, karani hushinda akiinuka na kurudi kabatini, na kazi haiendi. Windows 11 hukubali gigabaiti 4, lakini meza hiyo hujaa mara kurasa chache zinapofunguliwa. Kwa nyumba, gigabaiti 8 ndicho kiasi cha kufaa.

Kipimo cha tatu ni diski. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka. Ni nzito wa kuamka, na huumia ikitikiswa. Ya kisasa, iitwayo SSD, haina kitu kinachozunguka, na mara nyingi ndiyo inayoleta tofauti kubwa kati ya mashine ya kuchosha na mashine ya kufaa. Gigabaiti 256 zatosha familia. Yafaa kujihadhari na mashine mpya za bei ya chini zenye gigabaiti 64 tu, kwa maana mfumo wenyewe hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Kiasi cha kumbukumbu na aina ya diski huonekana papo hapo dukani kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha kufungua ukurasa wa utendaji.

Kipimo cha nne ni betri, ambayo umeme ukikatika ndiyo tegemeo. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa taarifa yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 25,000, mnunuzi anauziwa nusu ya betri, na yafaa bei ilitambue hilo.

Mashine iliyotumika na izimwe kabisa, kisha iwashwe mbele ya mnunuzi. Ikidai nywila ya ofisi iliyokuwa ikiimiliki, isinunuliwe. Kibodi ijaribiwe herufi moja moja, na risiti itaje namba ya mashine pamoja na muda wa dhamana.

Na aliye na mashine ya zamani asiitupe. Mifumo ya bure kama Ubuntu na Linux Mint huweza kufanya kazi katika mashine nyingi ambazo Windows 11 imezikataa, na programu ya LibreOffice huandika barua na kupanga hesabu bila malipo. Ila mwenye kuinunua leo ailipie kwa bei ya mashine ya zamani.

Ndugu Wanachama, si kila mzee ataweza kuyafanya haya peke yake, wala hapana aibu katika hilo. Wakulima wa pamba nao hawakwenda kwenye mizani mmoja mmoja. Kila chama cha msingi kina vijana waliosoma na wanaoijua kompyuta. Chama na kimteue mmoja wao, asiyepokea chochote kutoka dukani, awe mpimaji wa wanachama. Vipimo hivi vinne na vibandikwe kwenye ubao wa matangazo, karibu na bei ya mazao, na mwanachama asitoe fedha yake kabla mpimaji wa chama hajaifungua mashine na kusoma namba zake.